Orodha ya nyimbo za mwanao si majibu ya maabara

Kila mwaka unapokaribia kwisha, statasi za WhatsApp za vijana wetu hujaa kadi za rangi rangi: msanii niliyemsikiliza zaidi, wimbo niliourudia zaidi, dakika nilizosikiliza mwaka mzima. Aliyeeneza mtindo huo ni kampuni ya Spotify ya Sweden. Muhtasari wake wa mwaka umekuwa ukiitwa Wrapped tangu 2016, na huku kwetu tulianza kuuona baada ya kampuni hiyo kutangaza, Februari 2021, kwamba inaingia Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi. Wrapped ya Desemba 2025 iliongeza kitu kipya, "umri wa usikilizaji". Kompyuta inatazama nyimbo unazozipenda zilitoka miaka gani, kisha inakukadiria umri. Vijana wa miaka ishirini na kitu waliambiwa wana sabini na kitu, na mtandao mzima ukacheka.

Kadi hizo bado zina adabu. Zina ndugu zake wenye ulimi mkali. Anayejulikana zaidi ni roboti iliyotolewa Desemba 2020 na The Pudding, chapisho la Marekani linaloeleza mambo kwa takwimu na michoro. Unaunganisha akaunti yako ya muziki, roboti inajifanya inapekua nyimbo zako, inakuuliza maswali ya kebehi kama vile kweli unaupenda wimbo huu au ulikuwa unafanya mzaha, kisha inatoa hukumu: ladha yako ni mbaya kiasi gani na kwa sababu gani. Walioitengeneza walikuwa wanawadhihaki wale wajuaji wa muziki wanaodharau kila kinachopendwa na wengi. Baada yao wamekuja wengine chungu nzima, na sasa hata hawahitajiki tena. Kijana anapiga picha orodha yake ya nyimbo, anaibandika kwenye programu ya akili mnemba, anaandika "nichane", na anachanwa kweli kweli.

Kwa nini daktari apoteze ukurasa wa afya kwa vichekesho? Kwa sababu vimeanza kuingia kliniki. Nimeletewa picha za skrini na wazazi wanaozishika kama wanavyoshika karatasi ya vipimo: "Daktari, hebu soma hapa, inasema mwanangu ana huzuni sugu." Nimesikia pia vijana wakijieleza kwa maneno ya mashine, "mimi ni mtu wa kuvunjika moyo, hata simu yangu inajua." Mzaha uliotengenezwa kuwacheka wajuaji umegeuka kuwa uchunguzi wa kitabibu, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Sina ugomvi na kicheko. Binti yangu alinijaribia moja ya zana hizo wakati wa likizo, na hukumu niliyopewa naihifadhi mwenyewe. Kwetu sisi kutaniana ni sehemu ya malezi. Babu humwita mjukuu wake mke, Mzaramo na Mnyamwezi hutupiana maneno ambayo mgeni angeyapeleka polisi, na kuna ofisi ambazo Jumatatu baada ya mechi ya Simba na Yanga kazi huanza saa nne. Lakini utani wetu una masharti ambayo watu hawayataji kwa sababu kila mtu anayajua. Mtani anakufahamu. Anajua la kugusa na la kuacha. Na ukipatwa na msiba, mtani huyohuyo ndiye anayefika, anayeshika kazi za msibani na kuwachekesha wafiwa mpaka wakubali kula. Anakuchokoza kwa sababu naye ana deni kwako.

Mashine haina deni. Haijui kwamba wimbo uliourudia mara mia mbili ndio uliopigwa kwenye harusi yako, na kwamba ndoa yenyewe haipo tena. Haiwezi kuona uso wako ukibadilika ili ipunguze makali. Kwa mtu mzima aliye na siku nzuri hilo ni jambo dogo, anacheka na kuendelea na chai yake. Kwa mtoto wa miaka 14, au kwa mgonjwa wa sonona ambaye tayari kichwa chake kinamwambia kila asubuhi kwamba hana thamani, sentensi hiyohiyo inatua mahali pengine. Na hao si wachache. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni kama saba.

Nieleze watoto wawili, nikiwa nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike.

Wa kwanza ni binti wa kidato cha tatu. Alikuwa ameiomba programu moja ya akili mnemba imtanie kuhusu nyimbo zake, ikamjibu, pamoja na vichekesho vingine, kwamba anayesikiliza namna hii anahitaji msaada kabla hajahitaji hedifoni. Mama yake aliikuta ile picha. Akamnyang'anya simu, akafuta orodha yote, akampeleka kuombewa, kisha akamleta kwangu. Nilimwomba mama atupishe kidogo.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Hizi nyimbo ulizipendea nini?"

Akanyamaza, kisha akasema zilikuwa za bibi. Bibi alikuwa akiziimba akipika, nyimbo za zamani za huzuni kweli, na alifariki mwezi wa tatu. Nikamuuliza kuhusu usingizi: analala vizuri. Chakula: anakula. Shule: hajashuka. Marafiki anao, netiboli anacheza. Analia akimkumbuka bibi, kisha machozi yanakwisha na anaendelea na siku yake. Huyo alikuwa anaomboleza, na alikuwa anaomboleza vizuri. Kilichomuumiza alikisema mwishoni, kwa sauti ndogo: "Mama amefuta nyimbo za bibi."

Wa pili ni kijana wa miaka 18, aliyeletwa na shangazi yake kwa sababu ya kuumwa kichwa na tumbo lisilopona kwa dawa za duka. Kadi yake ya mwaka ilikuwa ya kusifiwa na kila mtu: singeli, amapiano, dakika nyingi kuliko rafiki zake wote. Mashine ingemwita mtu wa sherehe. Nilipomuuliza anasikiliza wakati gani, akasema usiku kucha. "Nawasha tu, dokta, nisisikie kichwa changu." Alikuwa halali zaidi ya saa tatu kwa wiki kadhaa, ameacha mpira, na alama zimeporomoka. Alikuwa amewaza kufa. Yuko kwenye matibabu sasa, na anaendelea.

Orodha ya kwanza ilikuwa na huzuni tele na mtoto mzima. Ya pili ilikuwa na furaha tele na mtoto mgonjwa. Orodha inaeleza kilichopigwa. Sababu ya kupigwa haimo ndani yake, na ugonjwa unakaa kwenye sababu.

Basi kwa nini maneno ya mashine yanatuingia kiasi hicho? Jibu lina umri mkubwa kuliko simu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia. Baadaye akamkabidhi kila mmoja maelezo yake "binafsi", akawaomba wakadirie yamepatia kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tano. Wastani ukawa 4.26. Kisha wakagundua kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametoka kwenye kitabu cha nyota kilichonunuliwa kibandani. Binadamu akiambiwa kwamba maneno fulani ni yake peke yake, huyavaa, huyakaza panapopwaya, na kusahau yasipomkaa. Mwambie mtu yeyote kwamba husikiliza muziki usiku akimkumbuka mtu ambaye hapokei simu zake. Nani hajawahi?

Zana hizi zina faida moja ambayo mnajimu hana: zinataja wimbo halisi na idadi halisi. Ukweli huo mdogo unabeba uongo mkubwa mgongoni. "Umesikiliza wimbo huu mara 140" ni kweli. "Kwa hiyo hujapona" ni kubahatisha.

Huku kwetu ubahatishaji huo una matatizo ya ziada. Simu ni ya familia. Asubuhi baba anapiga rumba ya Kongo, mchana dada wa kazi anasikiliza kwaya, jioni mdogo anadai ule wimbo wa katuni mara kumi mfululizo, na akaunti ni ya mtoto wa kidato cha pili. Mashine inawachanganya wote na kuwafanya mtu mmoja, kisha inamshangaa mtu huyo. Muziki mwingi tunaousikia hata haufiki kwenye akaunti: uko redioni, kwenye daladala, YouTube, kwenye kadi ya kumbukumbu ya fundi saluni. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa pwani halihitaji kuelezewa. Mama anayefungulia taarabu ya mipasho kwa sauti ya juu Jumamosi asubuhi huenda hana majonzi yoyote, ana jirani. Kwetu wimbo ni ujumbe unaopelekwa kwa mtu, kama maneno ya kanga, na hakuna idadi ya kupigwa itakayokuonyesha ulikuwa unapelekwa kwa nani.

Watafiti wameushughulikia muziki wa huzuni kwa makini kuliko roboti. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch walichapisha majibu ya watu 772 kutoka sehemu mbalimbali za dunia waliowauliza wanahisi nini wanaposikiliza nyimbo za huzuni. Hisia iliyotajwa zaidi ilikuwa kukumbuka ya zamani kwa mapenzi, kile kinachomfanya mtu atabasamu huku macho yakilengwalengwa. Wengi walisema muziki huo unawatuliza na kuwafariji. Kwa watu wengi wimbo wa huzuni unafanya kazi ya rafiki anayekaa pembeni bila kusema "jikaze".

Si kwa wote. Sandra Garrido, mtafiti wa Australia, na wenzake wameonyesha kwamba baadhi ya watu wenye mwelekeo wa sonona huendelea kusikiliza muziki unaowazidishia hali mbaya, wakiutumia kuchimba kidonda kilekile tena na tena. Mwaka 2015 Suvi Saarikallio wa Finland na wenzake walitunga maswali 13 kwa ajili ya vijana, ya kutofautisha matumizi ya muziki yenye afya na yasiyo na afya. Kinachonivutia kama daktari ni kwamba maswali yao hayajali aina ya muziki. Yanauliza, kwa mfano, kama unajificha ndani ya muziki kwa kuwa hakuna anayekuelewa, kama unautumia ili upone lakini unatoka ukiwa vibaya zaidi, kama unakusaidia kujisikia karibu na watu. Mtu anaweza kujiumiza kwa wimbo wa kuchezea ngoma, na mwingine akajitibu kwa wimbo wa maziko.

Mzazi ataniuliza: sasa nitazame nini? Sisi madaktari tunapotafuta dalili za sonona hutumia, miongoni mwa mengine, dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo limetafsiriwa pia kwa Kiswahili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu na raha, kujisikia huzuni au kukata tamaa, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutulia kwenye jambo, kupooza au kuhangaika kupita kawaida, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Hakuna hata moja linaloulizia unasikiliza nani. Na hata dodoso hilo si hukumu, linafungua mazungumzo tu.

Angalia lile la kwanza, kukosa hamu na raha. Mtu aliyekuwa akipenda muziki, sonona ikimkamata, mara nyingi hahamii kwenye nyimbo za huzuni. Anaacha. Hedifoni zinakaa mezani, wimbo mpya wa msanii wake unatoka na hashtuki. Kwaya aliyokuwa hakosi anaikosa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa mashine ya kutania huyo hana la kutaniwa, hana dakika, hana kadi. Kwangu mimi ukimya huo unanishtua kuliko orodha yoyote iliyojaa machozi. Kwa hiyo, mzazi, ukitaka kupima kitu kwenye muziki wa mwanao, pima mabadiliko. Alikuwa hivi, amekuwa vile, tangu lini, na nini kingine kimebadilika pamoja nacho?

Kitu cha pili ni saa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Wimbo uliopigwa saa tisa usiku siku ya shule, usiku baada ya usiku, unaniambia jambo hata kama ni wimbo wa kitoto. Sisemi umnyemelee kwenye simu. Muulize asubuhi, mkiwa mnafanya kazi nyingine, macho yakiwa kwenye mchele mnaochambua: usiku unalala saa ngapi siku hizi? Vijana huzungumza zaidi usipowakodolea macho.

Na akikuambia, au ukimhisi, kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama amefikiria kufa au kujiumiza. Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii; kwa wengi ni mara ya kwanza mtu anawapa nafasi ya kulisema. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani mahali anapofikia, na mfike kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anaweza pia kupiga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, Tanzania na hata Kenya.

Niseme neno kwa wagonjwa wangu wenyewe, wale ambao tayari mnatibiwa sonona au wasiwasi. Mzaha wa mashine una ladha tofauti ukiwa unautafuta siku ambayo umeamka vibaya. Ukijikuta unairudia zana hiyo ili ikuambie tena kwamba wewe ni bure, hapo hakuna tena mchezo, unaazima mdomo wa mashine kujisema mwenyewe. Funga. Kwa upande mwingine, nyimbo zako zinaweza kuwa shajara nzuri ukizileta kwa hiari yako. Nina wagonjwa wanaoniambia, "wiki ile nilikuwa narudia wimbo huu, nikajua nimeanza kuteleza." Maana ya wimbo huo wanaijua wao, na wananipa pamoja nao. Hilo lina thamani kuliko kadi mia.

Nina neno pia kuhusu magrupu ya darasa. Mtoto akijichana mwenyewe na kuweka statasi kwa hiari yake, anacheka pamoja na wenzake. Mwenzake akichukua akaunti yake, akaipeleka kwa mashine na kuirusha kwenye grupu la watu 60, huo ni uonevu uliovaa nguo za kichekesho. Watoto wanaosikiliza kaswida, kwaya, nyimbo za kilugha za nyumbani kwao au taarabu ya kale ndio huwa chakula rahisi, kwa kuwa dhana ya ladha nzuri iliyomo kwenye zana hizi ilianza na utani wa maduka ya sahani za muziki na wahakiki wa Marekani. Niliona binti aliyeacha kusikiliza nyimbo za Kihaya za baba yake baada ya kuchekwa hivyo. Mzazi, na wewe usiirushe kadi ya mwanao kwenye grupu la ukoo bila kumuuliza. Shangazi kumi na wawili wakitoa maoni juu ya wimbo wa mapenzi wa mtoto wa miaka 15 ni mzigo mzito.

Kuna na suala la taarifa. Ili zana ya namna hii ifanye kazi, unairuhusu isome historia yako ya muziki, na ruhusa hiyo haiondoki yenyewe ukimaliza kucheka. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta sehemu inayoonyesha programu zilizounganishwa, ondoa usizozitumia. Zana halali hukupeleka kwenye ukurasa wa kampuni ya muziki yenyewe uingie hapo. Yoyote inayokuomba uiandikie nenosiri lako moja kwa moja, iache. Historia ya muziki inaonekana kitu kidogo, lakini kuna wanaotamani kusoma hisia za watu humo. Januari 2021 Spotify ilipewa hataza Marekani ya teknolojia ya kutambua, kwa sauti ya mtu, mambo kama hali ya hisia zake ili kumchagulia muziki. Baada ya malalamiko kampuni ilisema haijawahi kuitumia na haina mpango wa kuitumia. Nalichukua neno lao. Hata hivyo, inaonyesha kwamba kukisia moyo wa msikilizaji ni biashara ambayo watu wazima wenye suti wameshaifikiria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya 2019, na zote zinampa mtu haki juu ya taarifa zake. Sheria haiwezi kukusaidia na ulichokibandika mwenyewe hadharani.

Nimalizie na namba pekee kwenye ile kadi ninayoitaka mimi kama daktari. Si umri wa usikilizaji wala jina la msanii. Ni dakika.

Kijana mwenye dakika 60,000 amesikiliza saa 1,000 kwa mwaka, yaani karibu saa 19 kwa wiki. Kwa sauti ya wastani hakuna tatizo. Mwongozo wa WHO kwa mtu mzima ni sauti ya desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75. Lakini ukipandisha mpaka desibeli 90, ambazo hedifoni nyingi zinazifikia bila taabu, saa salama zinashuka hadi nne tu kwa wiki nzima. Saa 19 kwa sauti hiyo ni karibu mara tano ya kiasi hicho. WHO inakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja wa miaka 12 hadi 35 wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki wa sauti kubwa, na kwa hilo hakuna roboti inayowatania.

Kwenye mipangilio ya sauti ya simu nyingi kuna mahali pa kuweka kikomo. Weka isizidi asilimia 60 ya sauti yote, na kwa mtoto mdogo funga kikomo hicho kwa namba ya siri. Mwanao akiwa amevaa hedifoni na wewe uliyeketi pembeni unaweza kuutambua wimbo, sauti ni kubwa mno. Akianza kulalamika mlio kama wa nyenje masikioni usiokwisha baada ya siku moja, au akiwa anaomba kila mara urudie ulichosema, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo apimwe usikivu. Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa haziotei tena.